Maziwa ya Kuoshea Kifua

Mimi si mtu wa kumung'unya maneno, na mume wangu analijua hilo kuliko mtu yeyote. Kwa hiyo niseme mapema: aliyeniumiza ni kaka yangu, mtu tuliyenyonya naye ziwa moja. Angekuwa jirani ningemporomoshea maneno yangu, nikanywa maji, nikalala. Lakini kaka! Kaka unamtukanaje, na tusi lenyewe linakurudia mwenyewe?

Kaka yangu ni msimamizi wa karakana ya kuchomelea vyuma, ile iliyo nyuma ya maghala ya mbao. Yeye ndiye aliyempeleka mume wangu pale kazini, na yeye ndiye aliyenipa mimi kazi ya kupeleka maziwa. Kila asubuhi niliyachemsha, nikayatia kwenye ndoo yenye mfuniko, nikakata uchochoro mpaka getini. Mafundi wakiniona tu wanazima mashine, wanavua ngao za uso, wanapanga foleni na vikombe vyao vya bati. Usidhani walikuwa na njaa. Muulize fundi yeyote wa kuchomelea, atakuambia: moshi wa chuma unaganda kifuani, na maziwa yanauosha. Hakuna aliyewahi kuuliza yanauosha vipi. Sabuni nayo huwa tunaiuliza?

Mume wangu anaitwa Cherehani. Hilo jina alipewa hapohapo kazini, kwa sababu mshono wake wa chuma umenyooka, una vidoa vilivyolingana mwanzo mpaka mwisho, utadhani umepita kwenye cherehani. Hata nyumbani namwita hivyohivyo. Alikuwa akimaliza kuunga bomba anapitisha kidole juu ya mshono, anatabasamu peke yake. Nilikuwa namwambia, mwanamume wewe, ungekuwa unanishika hivyo mimi tungekuwa na watoto kijiji kizima.

Karakana yenyewe ina kuta pande tatu na mabati juu. Hewa inaingilia getini, na inatokea hapohapo getini. Kazi kubwa ilikuwa ya mabomba yenye zinki, yale yanayong'aa, ya uzio na minara ya matangi ya maji. Chuma cha kawaida kikichomelewa kinatoa moshi wa kijivu. Zinki inatoa moshi mweupe, mzito, ambao ulikuwa ukipanda mpaka kwenye mabati unakaa palepale kama mpangaji asiyetaka kuhama. Mafundi walijifunga vitambaa puani, mimi nikawa nawafulia. Ukuta wa nyuma sikuwahi kuuona sawasawa.

Kaka alikuwa anasimama getini, upande upepo unakoingilia. Hapo ndipo palikuwa pake, kiti chake na meza yake. Nikimaliza kugawa, namkaribisha kikombe. Hakupokea hata mara moja. "Wanywe wenye jasho, mdogo wangu," anasema. "Wewe ndiye daktari wa hapa." Nami najaa kifua. Wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi nilisifiwa na sikutia hata tone. Kumbe alikuwa ananivika kilemba cha ukoka, na mimi nakivaa na kutembea nacho mtaani.

Sasa nisikilize kuhusu Jumatatu. Jumapili karakana hufungwa, wanapumzika. Jumatatu wanarudi kazini, na jioni ya Jumatatu Cherehani anaingia nyumbani anatetemeka, meno yanagongana, mdomoni anasema ana ladha kama amelamba sarafu. Anajifunika mablanketi yote ya nyumba. Jumanne asubuhi mzima kabisa, anatafuta viatu. Wiki nzima hana neno, Jumatatu tena. Ungekuwa mimi ungefikiri nini? Nilimnusa mdomo. Nilimwambia ukome kunywa na Kipara siku za Jumapili. Kipara ni fundi mwenzake, mchekeshaji, nywele zimemtoka kichwani kabla ya wakati. Siku moja bombani nikakutana na mke wa Kipara, naye amenuna, akaniambia mwambie mumeo aache kumnywesha mume wangu. Tukatazamana. Tukaamua kwamba wote wawili ni walevi na ni waongo.

Zahanati walimpima malaria wakachoka. Hana. Wenyewe mafundi wakaibatiza homa ya Jumatatu, wakawa wanaifanyia mzaha: tajiri mwenye karakana ametuloga tusisahau kwamba wikendi imekwisha. Nikamuuliza kaka. Alifikiri kidogo, akaniuliza, Jumapili anakunywa maziwa? Nikasema hapana, Jumapili sipeleki. Akafungua mikono kama mwalimu aliyemaliza hesabu ubaoni. Basi ndiyo sababu, akasema, Jumapili kifua hakioshwi. Jamani, iliniingia akilini! Nikaanza kumnywesha na Jumapili, glasi kubwa, nikisimama mbele yake mpaka aimalize. Jumatatu akatetemeka vilevile. Nikaongeza maziwa.

Baadaye kikaja kikohozi kisichoondoka. Mwanzoni alikohoa asubuhi tu. Halafu ngazi za kwetu zikawa ndefu. Anapanda, anasimama kwenye mlango wa jirani wa chini akijifanya anasalimia. Jirani akaniambia, mumeo siku hizi ana upendo sana. Binti yetu alizoea kubebwa mabegani jioni mpaka dukani. Siku moja nikamwona babake amemshusha katikati ya njia, amejishikilia kwenye nguzo ya umeme, mtoto anamvuta suruali twende baba. Nikasema hapana. Nikamburuta hospitali kubwa.

Daktari alikuwa mwanamke mwenye haraka, foleni ndefu nje. Alimpulizisha kwenye kijibomba, akatazama, akampulizisha tena. Akamuuliza kazi yake, anachomelea chuma gani, moshi unatokea wapi, anajikinga na nini. Hapo Cherehani akanigeukia, nami nikajibu kwa madaha yote. Nikasema anakunywa maziwa, tena ya kuchemshwa, nayachemsha mwenyewe.

Yule daktari akaiacha haraka yake. Akavuta kiti karibu.

"Mama," akaniambia, "maziwa yanakwenda tumboni. Moshi unakwenda kwenye mapafu. Ni njia mbili, na hazikutani popote."

Akatueleza taratibu. Ile homa inaletwa na moshi wa zinki. Mwili unauzoea katikati ya wiki, ukipumzika unausahau, ukirudi unaupokea kama mgeni mwenye panga. Akasema pale panapoungwa, zinki inakwanguliwa kwanza. Akasema kuna mashine ya kunyonya moshi, inawekwa mdomo wake karibu kabisa na moto, inauvuta na kuutoa nje kabla haujamfika mtu puani. Akasema kuna barakoa zenye vichujio, na kile kitambaa changu safi kinazuia vumbi la barabarani na si zaidi. Kuhusu kifua cha mume wangu alisema kilichopotea hakirudi, kilichobaki tukilinde, na kwenye moshi ule asirudi tena. Cherehani akauliza kama anaweza kwenda kumalizia mnara alioubakiza. Daktari akasema hapana.

Tulitoka pale. Niliona aibu, nikaona hasira, lakini unajua nilimwonea nani huruma? Kaka. Nilisema masikini kaka yangu, naye kadanganywa kama sisi, amesimamia watu miaka yote hajui. Nikaona nimkimbilie nimwambie kabla siku haijaisha, awaokoe waliobaki. Mume wangu nikamwacha mlangoni kwetu, nikaenda moja kwa moja nyumbani kwa kaka.

Kaka alikuwa hajarudi kutoka kazini. Wifi yangu, mkewe, alikuwa nyuma kwenye banda la kuku. Alinipokea kwa utani wake: wifi, leo mikono mitupu, ng'ombe amegoma? Nikamfuata ndani. Banda lao ni la matofali, limejaa kuku mpaka kwenye kona, madirisha madogo kama ya jela. Mara ya mwisho kuingia mle macho yalinitoka machozi kwa ile harufu ya kinyesi cha kuku. Safari hii hakukuwa na harufu. Kulikuwa na mngurumo tu, na manyoya yaliyookotwa na upepo yanakwenda upande mmoja.

Nikauliza, mbona hapanuki? Wifi akanionyesha ukutani kwa kidevu. Palikuwa na feni ndani ya sanduku la chuma, pana kama sinia, na bomba nene la mpira linaning'inia kama mkonga, jingine limetoboa ukuta kwenda nje. Imekalia stendi ya vyuma. Nikainama kuitazama ile stendi. Nikaona mshono. Vidoa vimelingana, vimenyooka, mwanzo mpaka mwisho.

Stendi ile naikumbuka. Kaka alimwomba Cherehani amtengenezee, akasema ni ya pampu ya maji, na Cherehani akaitengeneza baada ya saa za kazi, bure, kwa heshima ya shemeji.

Nikamuuliza wifi mashine imetoka wapi. Wifi yangu hana hila, Mungu amweke hivyohivyo. Alinieleza kwa fahari. Wakaguzi walikwenda karakana wakagomba, tajiri akanunua hii ya kunyonya moshi, wakaguzi wakaiona siku mafundi wote wako nje kusimika mnara, wakaridhika. Walipoondoka, kaka akamwambia tajiri kwamba inakula umeme, mashine za kuchomelea zinalegea, na mafundi hawaihitaji kwa sababu wana maziwa yao. Tajiri akasema basi itafutie mahali, kaka akaileta nyumbani.

"Vifaranga walikuwa wanatufia, wifi, kwa hewa chafu," akasema. "Tangu ifungwe, hakuna hata mmoja anayekohoa."

Nilikaa juu ya gunia la chakula cha kuku. Yote yakaja kwa mpigo: kiti chake pale penye upepo, kikombe asichokipokea, wanywe wenye jasho, wewe ndiye daktari. Alinipiga changa la macho mchana kweupe, na mchanga wenyewe nilikuwa nauchemsha mimi. Wifi alidhani nina kizunguzungu, akanikimbilizia maji. Sikuyanywa. Nilikaa palepale kwenye gunia mpaka kaka aliporudi.

Nilitamani akane. Nasema kweli, nilitamani anidanganye tena, aseme hakujua ile feni ni ya nini, nami ningejitahidi kuamini. Nilimwambia alichosema daktari, nikamwonyesha ukuta. Alivua kofia, akaanza ya umeme, ya mashine kulegea, kazi kuchelewa, tajiri kupunguza watu. Nikamuuliza swali moja tu: ulijua maziwa hayaoshi?

Akamtazama mkewe kwanza. Halafu akanitazama mimi.

"Nilijua," akasema. "Mimi si nilichomelea? Ndiyo maana nilitoka kwenye moshi." Akashusha sauti, akaniita mdogo wangu, kama tulivyokuwa watoto. "Na wewe fikiria. Feni ikifungwa kule, nani atakunywa maziwa yako? Nilikuwa nalinda riziki yako."

Hapo ndipo aliponiua. Kumdhuru mume wangu ni jambo moja. Lakini kunifunga mimi kwenye kosa lake, nionekane nimeuza kifua cha Cherehani kwa ndoo ya maziwa, tena nisiulizwe! Nilitaka kumpiga. Nilimwambia hiyo dhambi ni yako, usinitilie kwenye ndoo yangu. Nikaondoka nikiwa nalia njiani kama mtoto aliyepotezwa sokoni, na watu wakanipisha.

Cherehani nilimsimulia nikiwa nimesimama. Nilitegemea apige ukuta, avunje kitu. Yeye akauliza, ile stendi haijapinda? Nikamjia juu, nikamwambia hivi una akili wewe, unanyongwa halafu unauliza kama kamba imesokotwa vizuri? Kisha nikaona anajifuta macho kwa ukingo wa shati. Nikakaa karibu yake. Kazi ile aliipenda, ndiyo iliyompa jina, na aliyemnyang'anya alikuwa shemeji yake aliyekuwa akila mezani kwetu.

Asubuhi yake nilikwenda karakana na ndoo kama kawaida. Walizima mashine, wakapanga foleni. Kaka alikuwa kwenye kiti chake, akaniona, akajua, akainuka nusu. Nikafunua mfuniko nikainamisha ndoo wote waone. Ilikuwa kavu. Kipara akasema, ng'ombe amekwenda likizo? Watu wakacheka. Basi nikawaambia yote, tangu njia mbili zisizokutana mpaka vifaranga wasiokohoa, na sikupunguza neno kwa ajili ya damu. Nikawaambia Cherehani harudi. Wakageuka mmoja mmoja kumtazama msimamizi, wakingoja aseme mwanamke huyu kachanganyikiwa. Hakusema. Kipara alivua glovu zake, akaziweka juu ya meza ya kaka, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na mzaha. "Twende tukaichukue," akasema.

Hakuna aliyewasha mashine kabla feni haijafika. Waliikokota ile feni kwa mkokoteni, na stendi yake, wakaifunga palepale walipokuwa wakichomelea. Tajiri alikuja, akafoka, akaona watu wote wamekaa chini, akaacha kufoka. Kaka alinipita getini akanong'ona kwamba nimemvua nguo mbele ya watu. Nikamjibu mbona wewe ulizivaa peke yako miaka yote. Wakajaribu bomba la zinki. Ule moshi mweupe ulipanda kidogo, ukajikunja, ukaingia kwenye mkonga, ukatoweka. Wakaachia kelele kama watoto. Nikatazama nyuma nikaona ukuta wa mwisho wa karakana, na nikagundua kwamba umepakwa rangi ya buluu. Mtu niliyetaka aione alikuwa nyumbani, anahema kwa kupanda ngazi.

Baadaye kidogo wifi akaja kwetu. Hakuingia na utani. Alibeba majike mawili ya kuku, manene, yamefungwa miguu, akasema kaka yako amesema mchemshieni supu shemeji apate nguvu. Aliyaweka chini akaondoka haraka, macho hakuyainua. Cherehani akamvuta mmoja, akampapasa kifuani kwa vidole vyake vya ufundi, akasikiliza.

"Huyu mapafu yake mazima," akasema. "Kanishinda."

Akacheka. Kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikamshika mpaka nikamshikilia mabega, na wale kuku wanapiga mbawa sakafuni. Kilipomwachia nilichukua kuku wote wawili, kichwa chini, nikashuka nao ngazi. Alinisihi niache, akasema supu haina kosa. Sikumsikiliza.

Nilimkuta kaka nyuma ya nyumba, shati limelowa jasho, nyundo mkononi. Alikuwa anabomoa ukuta wa banda. Tangu feni iondolewe, kumbe, hewa ilikuwa imeharibika tena mle ndani, naye hakungoja hata kuku mmoja augue. Madirisha yale ya jela alikuwa ameyapanua mpaka chini, upande huu na upande wa pili, matofali yamelala kwenye majani, wavu mpya umeshatandazwa. Upepo ulikuwa unaingia huku unatokea kule. Siku moja tu ilimtosha, na nyundo moja.

Nilisimama pale na kuku wake mikononi. Maneno niliyoyapanga njia nzima yalinitoka kichwani, na mimi si mtu wa kukosa maneno.

"Kaka," nikamwambia, "hawa mbona hukuwapa maziwa?"

Nyundo ikabaki juu. Akatazama tundu alilolitoboa. Niliwafungua kuku kamba, nikawaachia uani, wakakimbilia ndani kwa wenzao. Nikarudi nyumbani kwa mume wangu, ambaye alikuwa amekaa kwenye ngazi ya kati akinisubiri, kwa sababu alijaribu kunifuata na pumzi ilimwishia hapo.